Mgomvi Siyo Kuku, Ni Banda Lako

Nilikuwa kimya kidogo. Zoezi la chanjo ya kideri limenichukua karibu wiki tatu, leo Musoma, kesho Bunda, keshokutwa Butiama, kisanduku cha barafu nyuma ya pikipiki. Nimerudi na simu imejaa picha zenu.

Picha tatu ndizo zimenikalisha leo kuandika. Ya kwanza imetoka Bweri, hapa Musoma mjini: mtetea amedonolewa mkiani mpaka nyama inaonekana. Ya pili imetoka Bunda: mitetea watatu, vichwa vimejaa damu, mmoja upanga umechanika (upanga nasema ile nyama nyekundu ya kichwani). Ya tatu imetoka Kiabakari, Butiama: mtetea hana unyoya mgongoni, na ubavuni ana kidonda kirefu kama amechanwa na wembe. Wafugaji watatu, hawajuani, na chini ya kila picha swali ni lile lile utadhani wamepanga: "Mtaalamu, nina kuku mgomvi, nimfanyeje?"

Majibu mliyopeana kwenye makundi ya WhatsApp nimeyaona. Mchinje. Mpeleke mnadani. Mkate mdomo. Kuna mmoja kaandika kwamba kuku mgomvi ni kama mpangaji msumbufu, dawa yake ni kumhamisha, na watu wakaweka vicheko. Hata mimi nilicheka. Ila sikubaliani, na nitasema kwa nini hata kama nitawaudhi wachache. Katika picha zote tatu sijaona kuku mwenye kosa. Nimeona mabanda yenye kosa, na mwenye banda ni wewe.

Tuanze na kitu ambacho bibi zetu wanakijua bila kusoma popote. Kila kundi la kuku lina ngazi. Kuna wa juu kabisa, anayemdonoa yeyote na yeye hadonolewi. Kuna wa chini kabisa, anayedonolewa na wote. Hapo katikati kila mmoja anajua nani wa kumpisha na nani wa kumfukuza. Kama una kuku kumi, kaa nao nusu saa asubuhi wakati wa chakula, shika kalamu, andika nani kamdonoa nani. Ngazi itajichora yenyewe kwenye karatasi. Ndivyo alivyofanya Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu akiwa mtoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaandika utafiti ambao wataalamu wa tabia za wanyama wanautaja mpaka leo. Aliona hata vituko. Kuku wa kwanza anaweza kumtawala wa pili, wa pili akamtawala wa tatu, halafu huyo wa tatu akamgeuzia kibao wa kwanza. Kwa hiyo usishangae siku ukimwona yule mnyonge wako anamfukuza mbabe mmoja. Kuna hesabu zao huko.

Majogoo wana ngazi yao na mitetea wana yao. Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini, sisi tukaichukua kama methali ya watu. Kumbe ni habari ya kuku kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, Takashi Yoshimura na wenzake, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba majogoo wakikaa pamoja, alfajiri anaanza kuwika yule wa juu, kisha wengine wanafuata kwa ngazi. Mdogo anasubiri zamu. Mgeni aliyeingia jana hana hata zamu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapokosea. Ngazi siyo ugonjwa. Ngazi ndiyo amani yenyewe. Vifaranga wanaanza kusukumana wakiwa na wiki chache tu, wanasimamishiana vifua kama watoto wa shule, na wakifika umri wa mitemba mambo yamekwisha. Baada ya hapo hakuna haja ya damu. Wa juu akiinua shingo tu, wa chini anasogea. Banda lililotulia kwa ngazi utaona kudonoana kudogo kudogo, mdono mmoja kichwani, mwenzake anapisha, basi.

Kwa hiyo ukiona damu usianze kumtafuta mgomvi. Angalia kwanza kidonda kiko wapi.

Kikiwa kichwani, usoni au kwenye upanga, hiyo ni vita ya ngazi. Kikiwa mkiani, kwenye kiuno au pale mayai yanapotokea, hiyo siyo vita hata kidogo, ni njaa au kukosa kazi. Na kama ni mgongoni na ubavuni, kwa mitetea tu, muangalie jogoo.

Tuanze na Bweri. Yule kijana ana kuroiler 90 kwenye chumba kilichokuwa stoo ya fundi seremala. Tukapima: mita 3 kwa 4. Hao ni zaidi ya kuku saba kwa mita moja ya mraba, na hawatoki nje. Maranda yalilowa akayatoa, hakurudisha mengine, kwa hiyo kuku wako juu ya saruji tupu kutwa nzima. Hebu fikiria. Kuku wa kawaida akiwa huru anatumia sehemu kubwa ya mchana kuchakura na kudonoa chini. Mdomo wake umeumbwa kwa hiyo kazi. Ukimnyima udongo, ukimnyima maranda, ule mdomo haulali. Utatafuta kitu cha kudonoa, na kilicho karibu ni unyoya wa mwenzake. Ukimtazama anayekula manyoya utaona hana hasira yoyote. Anakuja taratibu kwa nyuma, anachomoa, anameza. Tatizo linakuwa siku unyoya umetoka na damu. Kuku na rangi nyekundu mnawajua. Mmoja akidonoa pale, kundi zima linakuja kuonja.

Halafu kuna chakula. Yeye anachanganya mwenyewe, jambo zuri, na dagaa ananunua mwaloni, jambo zuri zaidi. Nikamwambia alete ndoo ya maji, tukamimina kopo mbili za wale dagaa, tukakoroga. Chini ya ndoo ukabaki mchanga wa kutosha kupigia plasta. Dagaa wetu wengi wanaanikwa chini ufukweni, wote tunajua, na ukinunua kwa bei rahisi bila kuangalia unanunua ziwa pamoja na ufuko wake. Kuku wake wanapungukiwa protini, wanatafuta kwenye manyoya. Unyoya nao ni protini. (Na nyie wa Bunda mnaotumia sana mashudu ya pamba kwa sababu yanapatikana, kuwa na kiasi kwa kuku wa mayai. Yana sumu inayoharibu rangi ya kiini. Ya alizeti ni salama zaidi.)

Kwa hiyo Bweri hakuna wa kuchinjwa. Arudishe maranda, apunguze kuku wabaki wa kutosha mita 12, yaani kama 60 hivi na chini ya hapo ni bora zaidi, atafute dagaa wa kichanja, na dirisha linalopiga jua la saa nane moja kwa moja aliwekee kivuli bila kuziba hewa. Afunge na mchicha au majani ya kabichi kwenye kamba, yaning'inie usawa wa kichwa cha kuku. Mchana atupe punje za mtama ndani ya maranda. Wakichakura mtama hawakumbuki mikia.

Kiabakari nitapita haraka. Mitetea 18, majogoo watano, na mmoja wao ni Kuchi. Kuchi sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunampenda kwa mwili na kwa bei, lakini ni kuku mrefu, mzito, na damu yake ni ya kupigana. Wale majogoo watano wanagombania mitetea wale wale wanaowapenda, na kila anayepanda anachana kwa ile miba ya miguuni. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane hadi kumi. Abaki na wawili, na hao wawili apunguze ncha ya miba. Hapo nakubali watu wauzwe, ila siyo kwa kosa la ugomvi. Ni hesabu tu.

Sasa Bunda, maana hii ndiyo inayoniuma.

Huyu ni binti mchapakazi kweli. Kikundi chao kilipata mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10, wakagawana majukumu, yeye akasimamia kuku wa mayai wa kienyeji. Alianza na 30. Anauza mayai kwa mama lishe na hoteli za barabara kuu. Kila siku ya mnada anatoa hela ya mayai, ananunua kuku wanne au watano, anarudi nao wamefungwa miguu kwenye pikipiki, anawafungulia bandani, anaenda zake jikoni. Ukimsikiliza ni mpango mzuri: unakua kidogo kidogo bila kukopa tena. Nikamuuliza mayai yanaendaje. Akasema hayaeleweki, ndiyo maana anaongeza kuku.

Nikaomba daftari. Bahati nzuri anaandika kila siku, tofauti na wengi wenu. Tukapitia ukurasa kwa ukurasa, tukaweka alama kila siku ya mnada. Kila baada ya alama, mayai yanashuka. Yanakaa chini siku kadhaa, yanaanza kupanda, mnada unafika, yanashuka tena. Yeye alikuwa anaona mayai machache, ananunua kuku, kuku wanaleta mayai machache zaidi, ananunua tena. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nimekuwa nikijimaliza mwenyewe?"

Elewa kinachotokea. Kuku watano wageni wakiingia, hawaingii chini ya ngazi wakatulia. Ngazi yote inafunguliwa upya. Wenyeji wanapigana na wageni, wageni wanapigana wao kwa wao kwa sababu nao wametoka kwa wenyewe tofauti, na hata wenyeji waliokuwa wametulia wanaanza kupimana tena. Kundi dogo linahitaji siku kadhaa, wakati mwingine wiki moja au mbili, kutulia. Yeye alikuwa anawavuruga kabla hawajamaliza. Kuku anayekimbizwa kutwa hali vizuri, hanywi vizuri, hathubutu kuingia kwenye kiota kinacholindwa na wababe, anatagia uchochoroni au hatagi kabisa.

Na bado sijasema kideri. Kuku wa mnadani ametoka wapi, amekaa na nani kwenye tenga, nani anajua? Anaweza kuwa na ugonjwa na bado anatembea vizuri. Kila siku ya mnada yule binti alikuwa anaweka mkopo wa kikundi kizima mezani kama karata. Mpaka leo hajapoteza. Ni Mungu tu.

Sasa nikamuuliza: nyumbani kwenu, bibi akiletewa kuku mgeni anafanyaje? Akacheka. "Anamfunga kamba mguuni." Si ndiyo! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunaisema kwenye harusi na kwenye vikao tukimaanisha watu, na tumesahau kwamba ni ufundi wa ufugaji. Bibi anamfunga karibu na mlango, anampa punje zake peke yake, anampa maji yake. Kuku wengine wanapita, wanamtazama, wanamzoea. Baada ya siku kadhaa anafunguliwa na vita inakuwa ndogo. Bibi alikuwa na karantini na utambulisho kwa kamba moja.

Kamba ina kasoro mbili, na hapa namrekebisha bibi kwa heshima zote. Aliyefungwa hawezi kukimbia, wenyeji wakimvamia wanaweza kumuua. Pili, yuko karibu mno, kama ana kideri ameshawapa. Kwa hiyo ufundi ni ule ule, kamba tunaibadilisha. Mgeni akae mbali kabisa na banda siku 21, kwenye tenga kubwa au kibanda cha fito, na vyombo vyake, umhudumie wa mwisho baada ya wenyeji wako. Siku ya kwanza kama anaonekana mzima mpe chanjo ya kideri ya matone ya jicho, wenyeji nao wawe wamechanjwa kila baada ya miezi mitatu kama kawaida. Baada ya zile siku 21 msogeze, akae ndani ya banda nyuma ya wavu, wiki moja, waonane bila kugusana. Ndipo ufungue. Siku unayofungua ongeza chombo cha chakula na cha maji, viwe mbali na vile vya zamani, na uweke vitu vya kujificha: mabua, pipa lililolala, ubao ulioegemezwa ukutani. Anayefukuzwa akipata kona ya kupotelea machoni, ugomvi unaishia hapo. Usiingize mmoja peke yake, ingiza watatu au wanne waliokwisha kuzoeana, mapigo yagawanyike. Wengine wanasema waingize usiku. Fanya ukitaka, inasaidia kidogo, ila asubuhi wataonana tu.

Na kuliko yote hayo, acha kununua kila mnada. Weka hela kwenye M-Pesa miezi mitatu, nunua vifaranga wa siku moja au mitemba wa umri mmoja kutoka sehemu moja, walee chumba cha pili, wakue na ngazi yao. Najua ni ngumu. Hela ikikaa kwenye simu inaliwa na shughuli za ukoo. Lakini daftari lake mmeliona.

Nikiri kitu. Miaka kadhaa iliyopita, Mugango, mama mmoja alinionyesha mtetea mweusi mkubwa aliyekuwa anawafukuza wengine kwenye chakula. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: huyu uza. Akauza. Nikarudi baada ya siku kumi nikakuta banda lina vidonda ambavyo havikuwepo. Yule mweusi alikuwa wa juu, na alipokuwepo wote walijua nafasi zao. Kiti kilipobaki wazi, wanne waliokuwa chini yake wakakigombania. Aliyeshinda alikuwa mkali kuliko mweusi. Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama wa juu kwa makini, na nilichoona ni kwamba mara nyingi hana muda na wanyonge. Anayewatesa wa chini ni wa katikati. Yule mama alinisamehe, ila kila tukikutana ananiuliza kama bado nawauza watu weusi wake.

Kama kweli una mmoja aliyezidi, usimuuze bado. Mtoe, mweke peke yake mahali asipoonana na wenzake kwa wiki moja au zaidi, kisha mrudishe. Atarudi akiwa mgeni. Atalazimika kuanza upya, na wengi wanarudi wakiwa wapole. Kwa sababu hiyo hiyo, kuku mgonjwa au aliyejeruhiwa usimpeleke mbali ukamsahau huko. Mtoe saa hiyo hiyo, msafishe kwa maji ya chumvi, mpake GV kufunika wekundu, lakini mweke nyuma ya wavu anapoonwa na wenzake. Na ile GV usimpake kichwa kizima. Kuku humtambua mwenzake zaidi kwa kichwa na upanga, ukimbadilisha sura unaweza kumrudisha bandani wakamwona mgeni. Hali hiyo hiyo inampata koo aliyekwenda kuatamia na kulea peke yake. Akirudi anakuta nafasi yake imechukuliwa.

Kuna watakaosema: mtaalamu, hayo ni ya kuku kumi, mimi nina 500. Ni kweli kuku 500 hawawezi kujuana wote. Kundi likiwa kubwa wanaangalia mwili na ukubwa wa upanga, mwenye upanga mdogo anapisha bila kujua jina la mtu. Kwa hiyo kwako ndiyo muhimu zaidi wawe wa umri mmoja na mwili mmoja. Ukichanganya mitemba wa miezi mitatu na mitetea wa mwaka, wale wadogo umewaandikia hukumu siku ile ile.

Lakini hesabu ninayotaka uifanye wewe kijana wa biashara siyo ya kuku wa juu. Ni ya wa chini. Wa juu atakula hata ukiweka chombo kimoja kwa kuku mia. Anayekuonyesha kama banda lako linatosha ni yule wa mwisho. Nenda jioni wakishapanda kwenye fito, beba tochi, washike wale wadogo wadogo wanaolala pembeni au chini, uwaguse gole. Gole la kuku aliyeshiba jioni limejaa na ni gumu kidogo. La wa mwisho wako likiwa tupu, basi mchana kutwa ulimwaga chakula na yeye hakukipata. Umelipa mashudu, umelipa dagaa, na kuna kuku bandani unaowafuga bure. Hao ndio watakaougua wa kwanza kikiingia kirusi chochote, kisha wawaambukize wenye gole kubwa.

Kwa hiyo vyombo: sentimita 10 za ukingo kwa kila kuku mkubwa, ili wale kwa wakati mmoja bila kusubiriana. Ukiwa na vyombo viwili usiviweke pamoja, mbabe mmoja atavilinda vyote. Weka pande mbili za banda. Maji vivyo hivyo. Fito za kulalia sentimita 15 hadi 20 kwa kuku, na ziwe za urefu mmoja kama inawezekana, maana zikipishana wote watagombania ya juu. Kiota kimoja kwa kuku watano.

Kuhusu kukata midomo, nimeombwa nije na kisu na nimekataa mara mbili mwaka huu. Mashamba makubwa yanaondoa ncha kwa mashine kifaranga akiwa mdogo, na hata hiyo Norwei, Sweden na Finland wameipiga marufuku. Wewe unataka kufanya kwa kisu cha jikoni kilichowekwa motoni, kwa kuku mzima, mdomo wenye mishipa ya fahamu. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kuku yumo. Weka sheria pembeni ukitaka, uangalie biashara peke yake: kuku wako wa kienyeji faida yake ni kujitafutia wadudu na majani nje. Umemkata chombo cha kazi, sasa utamlisha wewe kila kitu. Na banda bado lina saruji tupu na chombo kimoja.

Binti wa Bunda amenitumia ujumbe jana. Mnada umepita, hajanunua, wageni wake wa mwisho wako kwenye kibanda cha fito nyuma ya jiko, siku ya tisa. Anasema bibi yake amekuja kuwaona akauliza kamba ziko wapi.

Wengine mnaonitumia picha, endeleeni. Ila ukinipiga picha kidonda, nipigie na chombo cha chakula, sakafu, na daftari la mayai la mwezi mmoja. Na uniambie una majogoo wangapi, bila kunidanganya.